Makinda na Mbinja ya Upande

Kwetu mwanamke hapigi mbinja. Nyanya yangu aliyenilea hapa hapa Malindi alikuwa mkali kwa hilo: msichana akikunja midomo apulize, kibao kinafika kabla sauti haijatoka. Basi nikakua, nikaolewa, nikazaa, na mbinja siijui. Wala sikuwahi kujuta, mpaka mume wangu alipopooza na njiwa wake wakaniangukia mimi.

Niseme ukweli, njiwa hao sikuwapenda. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na katika kupita kwake Mariakani alijuana na Mhindi mmoja mwenye duka, ndiye aliyempa jozi ya kwanza. Si njiwa hawa wa kawaida wanaookota chenga mlangoni. Hawa ni wa kupiga vichwangomba. Wanapanda juu kwa kundi, wanazunguka, kisha ghafla mmoja anajipindua kinyumenyume na kubiringika hewani, anashuka kama nazi inayoanguliwa, halafu anajikamata na kurudi kwa wenzake kama hakuna lililotokea. Mume wangu aliweza kusimama uani ameinua shingo mpaka chai ikapoa. Mimi nilichokiona ni mavi tu juu ya nguo zangu kambani.

"Umeoa wake wawili," nilikuwa nikimwambia, "na huyu mwenzangu ana mabawa."

Atacheka huyo mpaka asikike barabarani. Kisha atapiga mbinja yake, ndefu, inapanda halafu inashuka, na kundi zima litateremka kizimbani kama watoto walioitwa kula.

Kiharusi kilimpata asubuhi akifunga kamba za viatu. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa uji. Aliporudi kutoka hospitali tulimwekea kitanda cha kamba uani chini ya kipenu, apate hewa. Binti wa mazoezi kule hospitali, mpole huyo, alinionyesha la kufanya: kumkunjua vidole, kumwinua mguu, na kumpulizisha. Apulize mshumaa, apulize unyoya, apulize maji kwa mrija, ili midomo ikumbuke kazi yake. Mume wangu hakutaka. Nikimwekea mshumaa anatazama ukuta. Nikimpa kijiko anafumba mdomo. Nikaingiwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Niliona atakufa, tena si kwa maradhi, atakufa kwa kukata tamaa.

Wakati huo wote njiwa walikuwa wakiendelea na maisha yao. Makinda walikuwa wameanguliwa na kukua yeye akiwa hospitali, bila mwalimu, na adabu zao zilikuwa kama za watoto wa mtaa. Wakifunguliwa hawaruki. Wanapiga mabawa mara mbili tatu, basi, wanaparamia paa la shemeji. Shemeji yangu, yaani kaka mkubwa wa mume wangu, amejenga ghorofa ukuta kwa ukuta na sisi, na juu yake ameweka tangi jeusi la maji. Tangi hilo ndilo makinda waliloligeuza baraza. Wasiopata nafasi hapo wanajipanga kwenye nyaya za stima. Na palikuwa na mmoja, mwekundu mwenye kichwa cheupe, huyo ndiye aliyekuwa imamu wao. Akitua yeye, wote wanatua.

Shemeji alinijia kwa adabu. "Shemeji, mimi na ndugu yangu hatuna neno. Lakini yale maji ndiyo tunayotilia udhu. Kuna mkulima kule Tezo yuko tayari kuwachukua ndege hawa wote. Waende, upumzike na wewe."

Nikamwambia haya, nitawakamata jioni. Wallahi nilifurahi.

Jioni ile nilikuwa nimeshatoa tenga la kuwatilia. Kunguru akapita chini, makinda wakashtuka wakaruka, kwa mara ya kwanza wakapanda juu kweli kweli. Mwekundu akajipindua. Hakuwa amefanya vile kabla, na nadhani mwenyewe hakujua kimempata nini: alikuja chini akibiringika, anabiringika, anabiringika, nikasema huyu amekufa, na alipokaribia kamba yangu ya nguo ndipo akajikamata akatua juu ya ndoo, macho yamemtoka. Nikasikia sauti nyuma yangu. Nilidhani mume wangu amepaliwa. Nikakimbia. Hakuwa amepaliwa. Alikuwa anacheka, mdomo umekwenda upande, machozi yanamtiririka, mkono wake mzima unamwonyesha yule ndege.

Nililirudisha tenga jikoni, nikajitanda leso, nikaenda kwa shemeji.

"Njiwa hawaendi Tezo," nikamwambia. "Watanyooka."

"Nani wa kuwanyoosha?"

"Mimi."

"Wewe uliyekuwa ukiwatupia kandambili?"

"Mimi huyo huyo."

Akacheka. Nami sikumlaumu, maana hata mimi ningecheka. Lakini nilikuwa nimeshaona lile nililoliona, na mtu aliyenijua angejua kwamba hapo sirudi nyuma.

Kumbe miaka yote nilipokuwa nikigomba, macho yalikuwa yakisoma. Nilijua mume wangu alikuwa akianzia tumboni. Njiwa aliyeshiba hana mwalimu. Nikawatenga makinda na wazee, nikawapunguzia mtama, na huo kidogo wakaupata jioni tu, baada ya kuruka na kurudi. Kwa lile tangi nikachukua upondo mrefu, nikafunga nchani buibui langu la zamani, nikaomba ruhusa kwa mke wa shemeji nikapanda ngazi zao. Kila wakitaka kutua, natikisa. Mtaa mzima ukaniona juu ya ghorofa napeperusha buibui, na utani ukaanza: "Mama, unapigia meli bendera?" Nikawajibu wapite na safari zao. Mwekundu nikamfungia peke yake mpaka wenzake wakazoea kuruka na wazee bila yeye, kisha nikamtoa akiwa na njaa, hana hamu ya uimamu tena.

Wakaanza kuruka. Tatizo likawa kuwashusha. Wazee wanajirudia wenyewe kwa mazoea, lakini makinda wanahitaji wito, na wito wa nyumba hii ulikuwa mbinja ya mtu ambaye sasa hawezi kupiga mbinja. Nikajaribu kugonga kopo la mtama. Loo! Waliokuja ni kuku wa majirani, na mbuzi wa shemeji akang'oa mlango wa kizimba. Kopo nikalitupa.

Ndipo nikajiuliza: mbinja siijui, je, kigelegele? Kwa kigelegele mimi ni fundi. Nimealikwa arusi za watu nisiowajua kwa ajili ya kigelegele changu. Jioni hiyo nikasimama katikati ya ua, bakuli la mtama mkononi, nikakiachia. Majirani watatu wakachungulia. "Kulikoni? Nani kajifungua?"

"Hakuna. Naita njiwa."

"Maskini," nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake, "ugonjwa wa mume umempanda kichwani."

Waliteremka, wakala, kesho yake wakateremka tena. Haukupita muda mrefu nikawa nikipiga kigelegele kimoja tu, kundi lote linakuja chini kama mvua. Mume wangu akaanza kunionyesha kwa mkono nimgeuzie kitanda apate kuona mbingu. Akaanza kula. Ila kupuliza bado hakutaka. Nikimkaribishia mshumaa tu, uso unafunga. Nikasema taratibu, hata hili nitalipata.

Sasa nawauliza nyinyi mnaosoma: mji gani huu niliokuwa nikifundishia njiwa kuja kwa kigelegele? Malindi. Ambako mtu akioa ni vigelegele, akitahiriwa ni vigelegele, mtoto akifaulu mtihani ni vigelegele. Mtu mzima mimi, nimezeekea kwenye arusi, na halikunijia akilini.

Arusi ilikuwa ya binti ya shemeji. Siku ya wanawake turubai lilifungwa kiwanjani nyuma ya nyumba, masinia ya biriani yamepangwa, halua, sambusa, mabiriki ya sharubati. Nilikuwa nimewafungulia njiwa mapema, wapate mazoezi yao, nikitaraji kuwafungia kabla ya shughuli. Bibi arusi akatolewa nje mapema kuliko nilivyodhani. Wanawake wote wakapiga vigelegele kwa pamoja. Na mimi mwenyewe, toba yarabi, kinywa kilifunguka chenyewe kwa mazoea, na changu kikavipita vyote.

Walikuja. Na njaa yao walikuja nayo. Mmoja alitua juu ya kilemba cha mama mkwe wa bibi arusi, wengine wakaingia kwenye masinia mpaka kifuani, na mwekundu, kiongozi wa ufisadi, akakaa juu ya sinia la meza kuu akichagua punje za wali moja moja kama anayekagua. Wanawake waliokimbia walikimbia, waliocheka walicheka. Bibi arusi mwenyewe alicheka mpaka wanja ukamharibika. Mama mkwe, Mungu amlipe, akasema ndege wakija arusini ni heri. Shemeji hakuona heri yoyote.

Alinikuta jioni nikiwakamata mmoja mmoja. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwezi ukiandama," alisema, "na njiwa hawa wakiwa bado wanafuata vigelegele, wanakwenda Tezo. Safari hii sikuulizi. Nakwambia."

Yeye ndiye mkubwa, na neno lake katika ukoo ule halirudiwi. Mume wangu alikuwa akisikiliza pale kitandani. Alipogeuza uso wake ukutani, nilijua tumerudi tulikotoka.

Usiku huo sikulalamika wala sikulia. Nilifikiri. Kosa langu lilikuwa wazi: nilikuwa nimewapa njiwa sauti ya watu wote. Walihitaji sauti ya mtu mmoja, sauti ambayo hapana mwingine mjini aliye nayo. Asubuhi nikamtazama yule mtu pale kitandani.

"Piga mbinja," nikamwambia.

Alinitazama kama niliyemtukana. Nikarudia. Mwishowe akajaribu, labda ili nimwache. Ilitoka pumzi, yakatoka na mate, na katikati ya pumzi kulikuwa na kitu chembamba kinachokwaruza, kama birika linalotaka kuchemka na moto wenyewe hautoshi. Wale njiwa wazee, aliowalea kwa mkono wake, walikuwa wamekaa ukingoni mwa paa. Hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa. Niliona kwamba ameona. Akafumba macho, na chozi likamtoka kwenye lile jicho lisilofumba vizuri.

Nikakasirika. Si kwake, lakini hasira haichagui pa kuangukia.

"Bwana we," nikasema, "nisikilize. Hao wazee walikujua mzima, ndiyo sababu hawakutambui. Waache. Lakini hawa watoto hawajakusikia hata siku moja. Hawajui kama ulikuwa na mbinja nyingine. Hiyo hiyo uliyo nayo ndiyo watakayoijua. Puliza!"

Akafumbua macho. Tukatazamana muda mrefu, tena si kwa mapenzi. Kisha akapuliza.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Wazee nikawahamishia kizimba cha nyuma, wasiwavute wenzao. Makinda nikawaweka ndani ya tenga mbele ya kitanda chake. Nikamkunjua vidole vya mkono mbovu, nikautilia mtama humo. Akipuliza, nafungua tenga, wanamrukia mkononi kula. Asipopuliza, hapana mtama. Na kigelegele nacho nikakigeuza: kila siku nikasimama mbele yao nikakipiga vizuri kabisa, cha arusi, kisha nikawaonyesha mikono mitupu nikaondoka. Mwanzo walinifuata mpaka jikoni. Wakapiga kelele, wakanidonoa miguu. Nikawapigia tena, mikono mitupu tena. Waliponichoka, nikajua wameelewa.

Si kila siku alikubali. Kuna siku alinitemea mate ya makusudi. Kuna siku alikataa kabisa, njiwa wakalala na njaa, na mimi nikalala na njaa, ili asije akadhani ninawaonea viumbe kwa ajili yake peke yake. Siku iliyofuata alipuliza kabla sijamwambia. Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ile sauti haikuwa nzuri hata kidogo, lakini ilikuwa ikitoka kila alipoitaka, na kila ilipotoka makinda walivinyoosha vichwa.

Mwezi ukawa unakaribia kuandama. Jioni moja shemeji alikuwa amepanda darini kwake, amesimama kando ya tangi, mikono nyuma. Hakusema amekuja kutazama nini. Nikafungua tenga. Makinda wakapanda, wakajikusanya, wakazunguka juu ya paa zetu, mwekundu akapiga kichwangomba kimoja kizuri, kifupi, safi. Nilikuwa ndio nasema alhamdulillahi moyoni.

Hapo gari likasimama mlangoni kwa shemeji. Binti yake alikuwa amekuja kuwaona wazazi kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na kina mama wa nyumba ile, nani angewazuia, wakamtolea vigelegele toka mlangoni mpaka ndani.

Kundi likainama. Niliona wazi linaelekea upande wa pili wa ukuta. Nilifunika kinywa changu kwa mikono miwili, nikamwangalia mume wangu.

Hakungoja kuambiwa. Alijisukuma akaegemea kiwiko, akajaza kifua, akapuliza. Mate yalitoka, pumzi ilitoka, na kile kitu chembamba kikakwaruza katikati. Vigelegele vya ng'ambo vilikuwa na nguvu mara kumi ya mbinja yake. Akapuliza tena.

Mwekundu akajipindua. Alibiringika mara moja, mbili, na alipojikamata alikuwa ametuelekea sisi. Alikuja moja kwa moja akatua juu ya ule mkono mbovu, na nyuma yake wakaja wote, kitandani, kwenye mto, kwenye magoti ya mgonjwa. Hakubaki hata mmoja hewani. Mimi nilikaa chini pale pale mchangani nikalia kwa sauti, sikuona haya.

Shemeji aliteremka, akapita mlango wa uani, akavua kofia, akakaa ukingoni mwa kitanda kati ya njiwa.

"Hebu piga tena," akasema.

Akapiga tena. Shemeji akajifuta uso kwa kofia yake, akainuka, akaniambia niwapelekee wageni wake maji ya kunywa, maana nyumbani kwake wote walikuwa wameshughulika. Habari ya Tezo hatukuisikia tena.

Tangu hapo mume wangu hakuhitaji kusukumwa. Mishumaa alipuliza, unyoya alipuliza, mrija alipuliza mpaka maji yakaruka ukutani. Sasa anatembea kwa fimbo mpaka dukani, na anasema, polepole, ukiwa na subira. Juzi juzi nilikuwa kipenuni napeta mchele. Alikuwa amesimama uani, makinda na wazee wote wako juu pamoja. Nikasikia mbinja. Ndefu, inapanda halafu inashuka. Ungo ukanitoka mikononi.

Wazee wakateremka mbio, masikini, wakagombania mlango wa kizimba. Lakini makinda, ambao sasa si makinda tena, waliendelea kuzunguka huko juu. Akapiga tena, ile ile nzuri, ya zamani, ya mtu mzima. Wakapita. Hawakumjua ni nani.

Alinigeukia. Kisha akaegemeza fimbo ukutani, akatia kidole kwenye pembe ya mdomo, akauvuta upande, pale pale ugonjwa ulipokuwa umeuweka, akapuliza kwa mate na pumzi. Mwekundu akajipindua, na wote wakashuka nyuma yake. Mume wangu alicheka mpaka ikabidi nimshike asianguke, na kicheko kile shemeji alikisikia toka barabarani.

Basi siku hizi kila jioni anawaita mara mbili: wazee kwa mdomo mnyoofu, vijana kwa mdomo wa upande. Mimi huwa kando na kazi zangu, na mpaka niisikie ile ya pili, sifungi mlango wa kizimba.